Kompyuta Isiyobembeleza

Ukitaka kumjua Esteri Nizigiyimana, mkaribishe chakula. Atakwambia ameshiba. Mkaribishe tena, atakwambia ametoka kula sasa hivi, na hapo tumbo linanguruma mpaka kuku wanageuza shingo. Mkaribishe mara ya tatu huku umemshika mkono, ndipo atakaa, aseme, "Haya, nionje tu nisikuvunje moyo," na huo mwonjo wake, ndugu yangu, utamaliza sufuria nzima. Hivyo ndivyo mama yake alivyomlea kule Rungwe Mpya. Mtu mwenye adabu hapokei kitu mara ya kwanza, na mwenye nyumba mwenye adabu hakubali kukataliwa. Kila upande ukijua kazi yake, watu wanakula na heshima inabaki.

Hata mume alimpata kwa mtindo huohuo. Marehemu Niyomwungere alipotuma washenga kutoka Kitahana, walijibiwa hapana. Wakaja tena, wakajibiwa hapana, na Esteri yuko nyuma ya nyumba anang'ata upindo wa kanga kwa hofu, wasije wakaamini wale! Hawakuamini. Walikuwa watu wa kwao, waliokuja na wazee wao kutoka Burundi kama wazee wake yeye, na hapana ya mtoto wa kike walijua inavyopimwa. Walipokuja mara ya tatu wakapewa mke. Akalima maharage na muhogo, akamzaa Winnie, na mumewe alipofariki akahamia Kibondo mjini na ujuzi mmoja tu mbali na jembe: kupiga chapa. Masista walimfundisha kwa taipureta enzi za usichana wake, na vidole vyake vilikimbia kuliko mdomo wake, na mdomo wa Esteri si wa kuchezea.

Basi akafungua stesheneri pale karibu na stendi. Duka lenyewe ukijinyoosha unagusa kuta zote mbili. Lakini hapo ndipo walipochapiwa mitihani ya shule, risala za wageni rasmi, kadi za harusi, nyimbo za kwaya, na matangazo ya mbuzi waliopotea. Asubuhi akifungua mlango mji mzima unampita na salamu ya kwao: "Mwakeye, mama!" Naye anaitikia kila mmoja, anamuuliza huyu habari za mguu wake na yule habari za ng'ombe wake. Bila duka lile angekuwa nani? Mjane mmoja wa makamo, ameketi uani anatazama mihogo ikikauka. Alilijua hilo vizuri, na lilimtisha kuliko kifo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna kitu mafundi wanakiita mfumo endeshi. Huo ndio unaoiamsha, ndio unaoiambia kwamba hiki ni kibodi na kile ni printa. Bila huo, kompyuta ni kisanduku cha kuegemezea kikombe. Mfumo wa Esteri ulikuwa wa ile aina ya kulipia, ila yeye hakuwahi kuulipia. Fundi mpita njia alimwekea kwa flashi, akanywa soda, akaondoka. Tangu siku hiyo ukawa mgonjwa wa kudumu. Walimu walikuja na flashi zenye virusi, wanafunzi wakaja na flashi zenye virusi vya virusi, kila mtu akiacha cha kwake.

Hata hivyo Esteri aliupenda mfumo ule kwa jambo moja: ulijua kubembeleza. Asubuhi ulimuuliza kama anataka usasishwe. Akikataa, unauliza tena mchana. Akikataa mchana, unauliza jioni, tena kwa maandishi makubwa. Mwisho unachoka, unajisasisha wenyewe bila ruhusa, kazi za watu zikiwa zimesimama foleni. Wateja wanasonya. Esteri anacheka.

"Huyu kalelewa," alikuwa akisema. "Anajua mtu akisema hapana hajamaanisha."

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza kulegea, mfumo ukafa. Esteri alifungua duka akakuta mafaili yote yamegeuka vivuli, ukigusa hiki hakifunguki, ukigusa kile kinakucheka. Winnie akapata habari huko Kasulu anakofanya kazi ya uuguzi, na siku ya mapumziko yake akapanda basi akaja. Akaja na fundi kabisa, jirani yake, Saady Hilali.

Saady ni kijana mrefu, mpole, baba yake alitoka Tanga na marobota ya vitambaa akaoa Kasulu akasahau kurudi. Ana kasoro moja kubwa kwa fundi: hawezi kusema uongo. Ukimpelekea simu anakwambia haijaharibika, umezima sauti tu, nenda nyumbani. Ndiyo maana hajajenga. Winnie alimleta makusudi, aiangalie ile kompyuta, atikise kichwa, atamke kwamba imekufa.

Saady akaifungua, akapuliza vumbi, akaikagua. Hakutikisa kichwa.

"Mashine nzima hii, mama," akasema. "Roho ndiyo imeoza. Tuiwekee roho nyingine. Nina mfumo huria hapa."

"Huria ndiyo nini?" Esteri akauliza.

"Umetengenezwa na watu wengi, dunia nzima, na wanaugawa bure. Tena haujafungwa. Mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, atazame ndani ulivyosukwa, arekebishe anachotaka."

"Mwanangu, mimi nikichinja mbuzi nataka supu. Utumbo aoshe anayependa."

"Basi huoshi, mama. Utakunywa supu tu, utumbo wenzako walishaosha."

Winnie akaingilia kati. "Usimdanganye mama yangu, Saady. Hiyo ni mifumo ya mainjinia. Kuna ofisi moja najua waliiweka, kompyuta ikageuka pambo. Ina dirisha jeusi, unaliandikia amri kama uko jeshini, ukikosea nukta moja imekula kwako!"

"Dirisha jeusi lipo," Saady akakubali, maana ndiyo tabia yake. "Lakini hata nyumbani kwako kuna stoo yenye giza. Mgeni si anaishia sebuleni? Mama ataandika, atachapa, atahifadhi. Kwa kazi hizo haitakiwi fundi."

"Itatakiwa tu."

"Haitatakiwa."

"Mama ana miaka karibu sitini, Saady! Kajifunza ile ya zamani kwa shida, leo umwanzishie darasa la kwanza?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda Esteri. Unajua mtu akizungumzwa kama vile hayupo, tena dukani kwake? Akasimama, kiti kikaenda kule. "Winnie! Masista walinifundisha mashine ambayo ukikosea herufi unaanza ukurasa upya. Huyo huria wako ni nani mpaka anishinde?"

"Sawa," Winnie akasema, na sauti yake ikawa ngumu. "Kadi za harusi ya Firdausi si umezichukua wewe?"

Alikuwa amezichukua. Firdausi, Fida kwa kifupi, ni binti wa Shamsia, mwenye duka la vitambaa mlango wa pili, na Shamsia ndiye shoga yake Esteri wa siku zote, wa kuazimana chumvi na kuazimana maneno. Harusi ilikuwa mwezi wa mbele, na bwana harusi, Abbasi, ni mtu wa Kasulu.

"Basi kadi hizo zikitoka kwa mashine hii, bila kumwita fundi, bila kumuuliza Saady hata neno kwa simu, nitanyamaza. Sitasema tena habari za duka. Lakini ukiuliza, mama, hata mara moja, duka linafungwa. Unakuja Kasulu kukaa na mimi."

"Nimekubali!"

Shamsia, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni, alishika mdomo. Katika urafiki wao wote hakuwahi kumsikia Esteri akikubali kitu mara ya kwanza.

"Na shahidi ni Saady," Winnie akamalizia. Saady akashusha macho, maana wote walijua kwamba shahidi yule hanunuliki.

Huria akawekwa. Saady akaupanga kwa Kiswahili ili mama asihangaike, akamwonyesha pa kuandikia na pa kuhifadhia, akaondoka. Siku za mwanzo Esteri alikaa mbele ya ile kompyuta kama mkwe mpya, mgongo umenyooka, akiogopa kugusa. Kiswahili chenyewe kilimtia wasiwasi. Kilikuwa kile cha taarifa ya habari, kilichopigwa pasi, halafu katikati kinakatika ghafla, kinaingia Kiingereza, kinarudi.

"Hii imesomea wapi?" akamuuliza Shamsia.

"Usiniulize mimi. Watu wa pwani sisi hatusemi hivyo."

Lakini mwonjo ukaongezeka. Akaandika tangazo la mbuzi, likatoka. Akaandika risala, ikatoka, na mgeni rasmi akalala usingizi vilevile kama risala za zamani. Walimu wakaja na flashi zao zenye magonjwa, wakazichomeka, Esteri akafumba macho akingoja balaa. Hakuna. Virusi vikaingia vikakuta nyumba isiyo ya kwao, vikakaa kimya. Siku hiyo alifunga duka anaimba wimbo wa kwaya sauti ya tatu, ambayo si yake.

Alipokwama aliuliza kwa ujanja. Alimpigia Saady kumsalimia. Mtu akikusalimia kuna sheria?

"Saady mwanangu, hujambo? Mama hajambo? Na huko Kasulu mvua zipo?"

"Shikamoo mama. Zipo kidogo."

"Marahaba. Na... na maandishi ya huko, mtu akitaka yakae katikati ya ukurasa, huwa yanakaaje?"

Saady, kwa upole kabisa: "Mama, hiyo ni salamu au ni swali?"

"Salamu! Salamu tu!"

"Basi maandishi hayajambo, mama, yanakusalimia."

Shenzi! Esteri akakata simu. Akaitafuta hiyo katikati mwenyewe, akagusa hiki, akagusa kile, na kwa kuwa kila alichogusa kilikuwa na njia ya kurudi nyuma, hakuna kilichoharibika. Akaipata. Akakaa akilitazama neno "Firdausi" lilivyotulia katikati ya kadi, akatabasamu peke yake.

Shida ikaja na printa. Printa yake ya zamani ilikuwa inatapika wino, na karatasi ngumu ya kadi ilikuwa haiwezi kuimeza kabisa. Isihaka, kaka yake Shamsia, akatoka Kigoma na printa nyingine, mtumba lakini imara, akaitua mezani Jumatano asubuhi. Kadi zilitakiwa Ijumaa. Winnie angekuja siku hiyo kuchukua za upande wa Kasulu.

Esteri akachomeka waya. Kwenye kioo pakatokea kisanduku kidogo, cha heshima: Printa mpya imeonekana. Je, iwekwe? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Na mkono wa Esteri, bila kumuuliza mwenyewe, ukaenda kwenye Hapana.

Usimcheke. Wewe ukikaribishwa ugenini, ghafla hivyo, hujavua hata viatu, unasema "ndiyo, leteni"? Esteri alibonyeza Hapana kwa adabu zake zote, akaegemea kiti, akakunja mikono, akangoja kubembelezwa.

Akangoja. Akachemsha chai, akanywa, akarudi. Kioo kiko vilevile. Akakohoa kidogo, kama mtu anayekumbusha. Wapi! Akachomoa waya, akauchomeka tena kwa kelele, kana kwamba mgeni anabisha hodi upya. Kompyuta haikusema kitu. Ilikuwa imeambiwa hapana, na hapana hiyo imeishika kama neno la mtu mzima. Akajaribu kuchapa kadi hivyohivyo, ikamjibu kwamba hakuna printa. Hakuna printa! Na printa hii hapa, inawaka taa!

Mpaka Alhamisi mchana hali ilikuwa hiyo. Shamsia akaja kuuliza kadi, akamkuta Esteri ameshika tama, macho mekundu.

"Mama Winnie! Nani kafa?"

"Mimi. Duka limekwisha, Mama Fida. Kesho Winnie anakuja, nitahamishwa kama gunia." Akamweleza yote, kisanduku, hapana, na kile kimya cha tangu jana.

Shamsia alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mashavu yalivyomjaa kicheko. "Sasa si uiombe tu? Uiambie nilikosea, niwekee."

"Niombe nilichokikataa?" Esteri akaruka kama amemwagiwa maji. "Mama yangu atafufuka! Kwetu kulikuwa na mzee alikaribishwa samaki, mgebuka, akakataa, mwenye nyumba naye siku hiyo akili hazikuwepo, akafunika sahani. Mzee njaa ikamzidi, akamfuata mama wa watu jikoni. Hadi leo wajukuu zake wanaitwa wa Mgebuka. Wamesoma, wana magari, lakini wa Mgebuka!"

"Haya, mpigie Saady."

Esteri aliitazama simu muda mrefu. Akaishika. Alifika hadi jina la Saady. Aliona mlango wa duka umefungwa na kufuli, aliona watu wa stendi wanapita bila kusema mwakeye. Akairudisha simu mezani, akaigeuza uso chini.

"Siwezi. Nikimuuliza, atasema."

"Na atasema kweli," Shamsia akakubali. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu, na safari hii hakucheka. "Sikiliza, shoga. Bibi yangu Tanga, ukikaribishwa kwake ukasema umeshiba, anafunika sahani na maongezi yanaendelea. Hakuonei. Anakuheshimu tu, umesema umeshiba, yeye nani akubishie? Lakini ukimwambia baadaye, bibi nina njaa, anafunua sahani. Hakusimangi, wala hamsimulii mtu. Nilipoolewa huku bara nilikonda, mama! Nilikuwa nawaambia watu nimeshiba nikiwa nimeshiba kweli, wananivuta mikono mpaka navimbiwa. Nikawakaribisha wao mara moja, wakikataa nafunika, wakaenda kusema Shamsia mchoyo."

"Walikusema kweli," Esteri akakiri. "Hata mimi nilikusema."

"Najua. Basi hii mashine kabila lake ni la bibi yangu. Iendee kwa desturi zake."

Esteri akafikiri. Akainuka, akaurudisha mlango nusu, wapita njia wasije wakaona Nizigiyimana mzima akiomba alichokataa. Akakaa. Alikuwa kama msichana anayekwenda kuungama. Akafungua menyu, akapita mlango mmoja, akapita wa pili, akaona neno Mipangilio. Ndani yake akaona Printa. Ndani ya Printa palikuwa na kitufe kimoja: Ongeza.

"Mana yanje, Mungu wangu," akanong'ona, "nina shida, nimerudi." Akabonyeza.

Kompyuta haikuguna. Haikumuuliza jana alikuwa anaringa nini. Iliandika: Printa iko tayari. Hapohapo, kana kwamba ilikuwa imekaa na sahani mapajani tangu jana ikingoja aseme. Na Esteri, aliyejiandaa kwa masimango, akajikuta machozi yanamlengalenga kwa wema wa kitu kisicho hata na mama.

Printa ikanguruma, ikavuta karatasi ngumu, ikaitoa upande wa pili polepole. Firdausi na Abbasi, maua pembeni, majina katikati. Shamsia akapiga kigelegele mpaka wapiga debe wa stendi wakaja mbio wakidhani harusi imeanza. Wakabaki mlangoni kushangaa kila kadi inayotoka, wakitoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. Mmoja akasema maua yameegemea kushoto. Esteri akamwambia akaegemee kulia yeye.

Ijumaa Winnie akashuka kwenye basi la kutoka Kasulu, sare ya kazi bado iko ndani ya koti, maana alikuwa ametoka zamu moja kwa moja.

"Shikamoo mama. Shikamoo Mama Fida."

"Marahaba. Kaa hapo." Esteri alikuwa amezifunika kadi mezani kwa kitambaa kisafi, kama chakula cha wageni. Akakivuta kwa madaha. "Haya, mama muuguzi. Tazama."

Winnie akachukua kadi moja. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele. "Zote umechapa wewe?"

"Kibondo nzima ilikuwa mlangoni, waulize."

"Na Saady hukumuuliza?"

"Mpigie! Shahidi si wako?"

Winnie akapiga, akaweka sauti ya juu. Saady akajibu kwa utulivu wake kwamba mama alimsalimia sana mwezi huu, zaidi ya ndugu zake wote, lakini kuuliza, hapana, hakuuliza. Shamsia akapiga kofi mezani. Esteri akainua mikono, akacheza hatua za kwao pale katikati ya kiduka, makalio yakigonga ukuta huu na ule. "Itanishinda, itanishinda! Imenishinda wapi? Mifumo ya mainjinia! Injinia ndiye mimi!"

Akageuka kumwonyesha bintiye kidole cha ushindi, akaona chozi limeanguka juu ya kadi, wino unaanza kufumuka. Winnie alikuwa analia kimya, kichwa chini, kama alivyokuwa akilia utotoni akiwa hataki kuonekana.

"We Winnie. Unalilia nini? Kushindwa tu? Mimi mama yako, nikikushinda si tumeshinda wote?"

"Nilikuwa naomba ikushinde, mama."

Esteri akakishusha kile kidole.

"Nilimleta Saady aje aseme imekufa," Winnie akasema, na sasa maneno yakaja yote kwa pamoja. "Akaifufua. Nikasema basi, huo mfumo utamshinda, kila mtu anasema ni mgumu. Kila siku mwezi huu naomba ikushinde, nikitoka zamu naomba. Maana natoka wodini, watu wamenifia mikononi, nafika nyumbani nafungua mlango naongea na redio. Nyumba ina vyumba viwili, mama. Kimoja sijawahi kukiwekea hata kitanda kwa sababu nasema ni cha mama."

Kwanza Esteri alikasirika, kweli. Aliona giza. Mtoto umzae, umlee, akuombee ushindwe! "Kwa nini hukusema?" akafoka. "Mdomo huna?"

"Ningesemaje? Muuguzi mzima niseme naogopa nyumba yangu mwenyewe? Na wewe unavyolipenda hili duka? Nikasema kompyuta ngumu."

Hasira ikamwisha Esteri. Akakaa kwenye kigoda cha Shamsia. Mwezi mzima alikuwa akipigana na mwanawe, kumbe mwanawe alikuwa akimwita. Alikuwa amezisikia zile simu zote za Kasulu, mama pumzika, mama umezeeka, mama njoo, na kila moja ameijibu kama kashfa. Ikamuuma. Aliona aibu kuliko aibu ya Mgebuka na ukoo wake wote. Akamvuta Winnie, akampakata kichwa, mwanamke mzima na sare yake, akamfuta machozi kwa kile kitambaa cha kufunikia kadi.

Baadaye akafungua fundo la kanga, akatoa funguo za duka, akazitia mkononi mwa Shamsia.

"Mama Fida, utanishikia."

"Mimi!" Shamsia akazishika kama zimetoka motoni. "Mama Winnie, mimi hata kuiwasha sijui!"

"Mimi nilijua?"

"Na ikinishinda?"

"Mpigie Saady. Wewe hujawekeana sharti na mtu. Na wapiga debe wapo, wanajua kila kitu." Akamgeukia bintiye. "Sikuhamii, usijidanganye. Duka ni langu na nitalirudia. Lakini kile chumba kinunulie kitanda."

Winnie akapangusa pua. Akauliza kwa sauti ndogo, kama anaogopa jibu. "Utakuja lini, mama?"

"Leo," Esteri akasema. "Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?"